Kilio Langoni

Kufikia mwezi wa Julai, Zephaniah Ejoku alikuwa amezika nusu ya ukoo wake kwa mdomo. Alianza na mashangazi, akaja kwa wajomba, akaingia kwa mabinamu, mpaka wengine wakawa watu ambao hata yeye mwenyewe hakuwa na hakika kama waliwahi kuzaliwa. Kila mara alisimama mbele ya meza ya bosi wake pale Malaba, kofia mkononi na sauti imeshuka, na kila mara alipewa ruhusa akaenda zake. Wala tusimwonee: matanga yalikuwepo kweli. Ni vile tu maiti alikuwa wa watu wengine.

Ejoku alikuwa mpiga akogo. Kwa asiyeijua, akogo ni kisanduku cha mbao chenye ndimi za chuma zinazobonyezwa kwa vidole gumba. Zile ndogo hushikwa mkononi. Ile kubwa mpigaji huketi chini, akaiweka katikati ya miguu, nayo hunguruma mpaka ukaisikia tumboni. Bendi yao iliitwa Aijar, ambalo kwa Kiteso ni uhai, na watu walilicheka sana jina hilo kwa sababu kazi nyingi walizoitiwa zilikuwa za mazishi. Olinga, mwimbaji wao, alikuwa na pikipiki ya boda boda. Wengine walikuwa wafyatua matofali na wakulima wa Adungosi, watu wanaojipangia siku zao. Ejoku peke yake ndiye aliyeajiriwa, karani wa kuhesabu magunia kwenye godauni la kampuni ya uchukuzi, chaki mkononi Jumatatu hadi Jumamosi. Na sisi huku tunazika Ijumaa na Jumamosi. Sasa mtu wa namna hiyo afanyeje?

Mkewe, Among, aliyekuwa akiwauzia madereva wa malori mandazi na chai kando ya foleni ya mpakani, alikuwa na jibu. Alimwambia mshika mbili moja humponyoka, akamwambia tena, mpaka akachoka. Mshahara wa godauni ndio uliolipa kodi ya chumba chao na karo ya watoto. Bendi ilileta nini? Kuku wa shukrani, nauli, na mume anayesinzia Jumatatu. Ejoku hakubisha. Alijua kila neno la mkewe ni la haki, na Jumapili ikifika alikwenda mazoezini vilevile.

Mazoezi yalikuwa Chakol, nyumbani kwa mama yake, baada ya misa. Mama Alupo alikuwa mjane, mwembamba, mcheshi, na bendi ile ilikuwa kama ya kwake. Aliketi na ungo wake akibambua njugu huku wanapiga, na mahali walipoharibu aliacha kubambua akawaangalia tu, wakarudia. Akogo kubwa ilichongwa na marehemu mumewe. Siku mzee huyo alipozikwa, Ejoku ndiye aliyeipiga, na tangu siku hiyo Alupo hakuwa na ombi lingine duniani. Hakutaka jeneza la kifahari wala hema. Alimwambia mwanawe, tena mbele ya watu, "Siku yangu ikifika, usinizike kimya. Upige wewe mwenyewe."

Alikuwa pia na utaratibu aliousimamia. Huku kwetu wanawake hawaingii matangani kimya. Mgeni akifika langoni huanza kulia kwa sauti, akaingia nao uani, na akogo kubwa ndiyo inayompokea. Alupo alishikilia kwamba akogo haianzi yenyewe. Inangoja kilio, inakijibu. Inayoanza bila kuliliwa hiyo ni disko, akasema, na disko wapeleke kwenye baa.

* * *

Mwezi huo likaja jambo. Mfanyabiashara mmoja wa ng'ombe huko Moding alifariki, mtu wa familia kubwa, na wanawe wakaiita Aijar kwa siku mbili nzima. Walilipa kabisa malipo ya mbele, na bendi ikayatumia siku hiyohiyo kutengeneza spika yao iliyoungua. Yaani hapakuwa tena na kurudi nyuma.

Kumbe wiki hiyohiyo ofisi kuu ilikuwa imetoa amri. Ruhusa ya matanga ni kwa mzazi, mume au mke, na mtoto. Shangazi hayumo. Mjomba hayumo. Mulama, msimamizi wa godauni, aliwasomea wafanyakazi wote asubuhi, na alipofika kwenye neno shangazi alimtupia Ejoku jicho, watu wakacheka.

Ejoku alizunguka siku mbili na jambo hilo tumboni. Baba alishakufa kweli, tena wafanyakazi wenzake walijua. Mke anaonekana kila siku hapo nje akiuza mandazi. Mtoto? Mungu apishe mbali, hilo hata ulimi wake ulikataa. Alhamisi asubuhi akabisha mlango wa Mulama. Kofia mkononi.

"Nani tena?" Mulama akauliza bila kuinua macho.

"Mama, boss."

"Mama mdogo?"

"Hapana. Mama yangu. Aliyenizaa."

Alitarajia aulizwe maswali, na alikuwa amejiandaa. Hakuwa amejiandaa kwa alichofanya Mulama. Mtu mzima yule alivua miwani, akainuka, akazunguka meza yake, akamshika mkono kwa mikono yake miwili. Hakusema pole haraka haraka kama watu wa ofisini. Kisha akamwambia aende, asiwaze kazi mpaka Jumatatu, na akauliza mazishi ni lini. Ejoku akasema Jumamosi, lakini wasijisumbue, ni familia tu, na barabara ya ndani imeharibiwa na mvua. Alitoka pale jasho likimtiririka mgongoni. Aliona haya, tena haya ya kweli, lakini pikipiki ya Olinga ilikuwa ikimngoja barabarani.

Barabara mbaya! Angekuwa amesema neno hilo kwa watu wengine, pengine wangebaki. Lakini katika ofisi ile mlikuwa na mama mmoja, Roselida, karani wa stakabadhi, mzaliwa wa Butula. Mwaka uliotangulia alikuwa amempoteza mama yake, na nani aliyekwenda kumpigia? Aijar walikwenda, kwa nauli yao, wakapiga tangu asubuhi hadi jioni, wakanyeshewa, na walipopewa pesa za shukrani Ejoku akakataa. Alisema mtu hamtozi mfanyakazi mwenzake kwa machozi yake. Roselida hakulisahau neno hilo. Sasa aliposikia mama Ejoku ameondoka, alilia mezani kwake, akapita meza hadi meza akikusanya mchango, akaenda mwenyewe sokoni kuchagua blanketi la kumfunikia marehemu, zito, la rangi ya damu ya mzee. Alimwambia Mulama kwamba hata kama hakuna barabara watatembea. Wema hauozi, akasema.

* * *

Jumamosi hiyo Mama Alupo alikuwa uani akianika wimbi juu ya turubai. Among alikuwa amekuja kumsaidia mavuno, na alijua tu kwamba mumewe ana kazi Moding na amepewa ruhusa. Ameipataje, hakuuliza, maana alishaacha kuuliza. Walikuwa wakiongea habari za ndege wanaomaliza wimbi shambani.

Pikapu ya kampuni ikasimama nje ya ua. Alupo aliijua. Mwanawe alishampandisha humo siku moja, akamwonyesha na jina lililoandikwa mlangoni. Akajipangusa mikono, akijua ni Zephaniah kaletwa. Akamwona mwanamume wa miwani anashuka na shada la maua. Wakashuka na wengine, wote kimya, wote wamevaa nguo nyeusi. Kisha mama mmoja mnene akasimama langoni, akaweka mikono kichwani, akaanza kulia.

Tuwaache wageni kidogo. Fikiria wewe mama mtu. Gari la kazini kwa mwanao, watu wa kazini kwa mwanao, shada la maua, na kilio langoni kwako, na mwanao mwenyewe hayumo.

Ungo ulimponyoka. Akaketi katikati ya wimbi lake, na kelele aliyoitoa, Among hajaisahau mpaka leo. Among mwenyewe hakubaki nyuma; alikimbia mpaka kwenye pikapu, akaparamia nyuma kumtafuta mumewe, akapekua kwa mikono miwili. Akakuta unga, sukari, na blanketi jipya ndani ya nailoni. Roselida, kwa kuona familia inalia hivyo, naye akazidisha.

"Mmemweka wapi?" Alupo alikuwa akiuliza, akimshika kila mtu miguu. "Zephaniah wangu mmemweka wapi?"

Mulama ndiye aliyeanza kuona kwamba mambo hayakai sawa. Hakuna hema. Hakuna kaburi. Hakuna watu. Aliinama, akamuuliza bibi yule taratibu yeye ni nani.

"Mimi si mama yake?"

Roselida akashusha mikono kichwani. Wale waliobeba unga wakabaki wameubeba. Mulama aliangalia shada lake, na pale kwenye utepe palikuwa pameandikwa kwa herufi za dhahabu, Pumzika kwa Amani Mama Alupo, akaligeuza upande wa pili lisisomeke.

"Mama," akasema, "Zephaniah ni mzima. Hana kitu. Sisi tuliambiwa ni wewe."

"Mimi nini?"

"Kwamba wewe ndiye umetutoka."

Alupo aliwaangalia mmoja baada ya mwingine. Halafu, mbele ya wote, akacheka. Alicheka machozi yakimtoka, amekaa ndani ya wimbi, anapiga kofi mapajani.

"Kumbe ni mimi," akasema. "Kumbe ni mimi tu! Asante Mungu. Asante sana, Baba."

Hakuna aliyejua pa kutazama. Roselida aligeukia ukuta. Among alishuka pikapuni, na alipoelewa ni mumewe aliyefanya haya, aibu iliyompanda ilikuwa kubwa kuliko hofu iliyomshuka. Mulama aliomba radhi, akasema basi wao watarudi. Alupo akakataa katakata. Watu wametoka Malaba mpaka kwake, waondoke na njaa? Wamwache yeye watu wamseme? Aliagiza kuku ashikwe, akasonga atap mwenyewe, na waombolezaji wake wakaketi kwenye viti vya jirani wakala ugali wa wimbi wa marehemu, vichwa chini, huku marehemu akiwaongezea mchuzi. Mtu mmoja kati yao aliniambia hajawahi kula chakula kigumu kumeza kama kile.

Walipokuwa wakipakia vitu vyao, Roselida alilichukua blanketi ili alirudishe garini. Alupo akamshika mkono. Akamwambia kitu cha maiti hakirudi kilikotoka, na zaidi ya hayo usiku wa Chakol una baridi. Mikono yake ilikuwa ikitetemeka tangu adhuhuri, na alisema kichwa kinamgonga, lakini kila mtu alidhani ni uchovu.

* * *

Among alimpigia mumewe simu. Huko Moding jeneza lilikuwa bado ndani ya nyumba na Padre hajafika. Among alimweleza yote kwa pumzi moja, akamwambia aje sasa hivi, mama hayuko sawa. Ejoku alisogea pembeni, akasimama na simu sikioni muda mrefu hata baada ya kukatwa. Familia ya marehemu ilishalipa. Bila akogo kubwa bendi haina miguu. Akajiambia amalize tu, jeneza literemke, kisha aondoke. Alirudi akaketi, akapiga. Olinga alisema baadaye kwamba siku ile Ejoku alipiga vizuri kuliko siku zote, na hiyo ndiyo ikawa dhambi yake ya pili.

Alifika Chakol jua likitua. Mama yake alikuwa amelala chini ya blanketi jekundu, mkono kwenye paji la uso. Alipomwona, swali la kwanza lilikuwa kama amekula.

Ejoku alipiga magoti, akaanza kueleza. Sheria mpya, shangazi hayumo, spika iliungua. Among alimkatiza akamwambia mficha maradhi kilio humfichua, akatoka nje kwa sababu hakutaka kusema mengine mbele ya mkwewe.

"Nyamaza, Zephaniah," Alupo akasema. "Kunizika si kitu. Mtu wa umri wangu anazikwa wakati wowote. Lakini nilidhani ni wewe. Hilo ndilo limeniingia."

"Nisamehe, toto," akasema, akimwita mama kwa Kiteso.

"Nimekusamehe. Lakini siku yenyewe, usinizike kimya. Usije ukasema ulishanizika."

* * *

Jumatatu Mulama hakufoka, na afadhali angefoka. Alimwambia hatamwandikia barua ya kumfukuza kwa sababu ana watoto, lakini achague pale pale: chaki au akogo. Akichagua chaki, asisikie tena jina la bendi. Na akaongeza kwamba ruhusa ya mama ilishatumika.

Ejoku alichagua chaki. Mngetaka achague nini? Mwenye nyumba hapokei nyimbo. Jumapili hiyo aliipakia akogo kubwa kwenye pikipiki ya Olinga, akamkabidhi, na Olinga, ambaye si mtu wa machozi, akauliza tu kama kamba imekazwa. Bendi ikahamia Adungosi na mpigaji mwingine.

Roselida hakumsemesha. Alipitisha stakabadhi zake juu ya kaunta bila kumtazama, na ikitokea vidole vyao vikagusana alivirudisha vyake haraka. Ejoku aliumia kwa hilo kuliko kwa masihara ya wapakiaji, waliokuwa wakimuuliza kila asubuhi mama hajambo, amefufuka siku ya tatu? Alicheka nao. Ukifanya jambo kama lile, unacheka.

Na Chakol, Jumapili zikawa hazina kitu. Alupo aliketi na ungo wake kwa mazoea, akibambua njugu. Alimwambia Among kwamba Jumapili zimekuwa ndefu siku hizi. Presha iliyompanda siku ya pikapu haikushuka tena vizuri, dawa au bila dawa, na Septemba alianguka akitoka kisimani. Upande wa kulia ukafa. Mdomo ukapinda, maneno yakawa yanatoka nusunusu. Among aliacha mandazi, akahamia Chakol kumuuguza. Ejoku alibaki Malaba na magunia yake, akija Jumapili tu, maana katikati ya wiki angemwambia nani kwamba mama yake ni mgonjwa?

Jumapili moja alimkuta amekalishwa mlangoni, blanketi jekundu mabegani. Alimwita kwa mkono mzima. Ilimchukua muda kulitoa neno, na lilipotoka lilikuwa akogo. Ejoku akamwambia iko kwa Olinga. Alupo akatikisa kichwa, akaelekeza kidole kwenye vidole gumba vya mwanawe, akavigusa kimoja kimoja. Sugu zilikuwa zimeanza kulainika. Ejoku akarudi Malaba akilia barabarani mchana kweupe, mtu mzima na suruali yake.

* * *

Alupo alikufa Jumatano moja ya mwezi wa Novemba, asubuhi, wakati lori la mchele likishushwa godauni. Among hakueleza mengi kwenye simu. Nyuma yake Ejoku alisikia wanawake, akajua.

Alikwenda mpaka mlango wa Mulama. Alivua kofia. Ndani Mulama alikuwa akipiga hesabu zake, na Roselida amesimama karibu na kabati. Ejoku alifungua mdomo, na sentensi ikamjia yenyewe, ikiwa imekamilika: Mama, boss. Mama yangu, aliyenizaa. Ilikuwa ileile. Hakuwa na nyingine. Alishaitumia yote, na sauti ya kushuka alishaitumia, na kofia mkononi alishaitumia. Kitu chochote ambacho angefanya pale walikuwa wameshakiona kwake.

Akaufunga mdomo. Mulama akainua macho, akamuuliza kuna nini. Ejoku akasema hakuna kitu, boss. Alirudi kwenye lori, akaweka chaki juu ya gunia, akatoka getini bila kumuaga mtu. Kazi aliipoteza hivyo, kimyakimya, na mpaka leo wapakiaji wanasema aliona jini.

* * *

Jumamosi ya mazishi watu walikuja wa kutosha: majirani, watu wa jumuiya, ndugu kutoka upande wa Uganda. Olinga na wenzake walifika mapema. Walileta akogo kubwa, wakaiweka tu mbele ya Ejoku uani, kwenye mkeka, wakaketi nyuma yake na zile ndogo.

Ejoku aliiweka katikati ya miguu. Wanawake walikuwa wakiingia langoni wakilia, mmoja baada ya mwingine, na kila kilio kilipoingia Olinga alimwangalia. Vidole havikushuka. Wa Chakol walilia, wa Tororo walilia, dada yake mwenyewe akagaragara mavumbini, na akogo ikanyamaza. Olinga akamnong'oneza kwamba watu wanangoja. Ejoku akasema bado. Wakamuuliza bado nini, akasema kuna kilio kimoja alichokiita hapo langoni kwa uongo, nacho hakijarudi. Katekista aliangalia saa yake mara kadhaa, akaagiza mwili utolewe nje. Ikaonekana wazi kwamba bibi yule, aliyeomba kitu kimoja tu duniani, atazikwa kimya.

Among alikuwa amesimama karibu na jeneza, na kutoka pale aliona boda boda ikisimama nje. Roselida alishuka. Alikuwa amezisikia habari kwa wanawake wa mandazi pale mpakani, na hakuziamini, na hakuweza kukaa nyumbani pia. Alikuja peke yake na mkoba wake mdogo, hana maua, hana sukari. Alifika langoni akasimama. Hakuweka mikono kichwani. Alisimama tu akichungulia ndani, na mtu yeyote angeona anamtafuta nani: alikuwa akimtafuta bibi mwembamba mwenye ungo.

Among alimwendea. Walitazamana, wanawake wawili ambao walishawahi kulizana bure.

"Mara hii ni kweli, dada," Among akasema.

Roselida aliangalia hema, akaangalia watu, akaangalia kaburi lililochimbwa. Vyote hivyo havikumtosha, na nani wa kumlaumu.

"Blanketi langu liko wapi?" akauliza.

"Tumemfunika nalo."

Roselida akaweka mkoba chini pale langoni, kwenye vumbi, akapandisha mikono yake kichwani, na akalia. Alimlilia mama ambaye alishamlilia, akalia kutoka mwanzo, akaingia uani na kilio chake.

Ejoku alikuwa ameinamisha kichwa. Alipoisikia sauti ile hakugeuka kuangalia. Vidole gumba vikashuka kwenye chuma, vimelainika, vinauma, na akogo ya baba yake ikampokea.